Safia na Shimo la Pweza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwamvita alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kumpelekea bibi yake chai barazani, na kuigeuzageuza antena ya redio mpaka iache kukoroma. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Redio ya Bibi Bimkubwa ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na Bibi hakuruhusu izimwe ila wakati wa adhana. Alisikiliza habari, mawaidha, bei za korosho, matangazo ya vifo, hata mpira ambao kanuni zake hakuzijua. Alisema mtu akikaa kimya sana masikio yake hushika kutu.

Zamani Bibi hakuwa na haja ya redio. Kwa miaka arobaini, kila bamvua ilipofika na bahari ikajikunja mpaka mwamba ukabaki wazi, alishuka pwani na mchokoo wake, yaani ufito wa chuma wa kuchokolea mashimo, akarudi na pweza wamening'inia begani kama nguo za kuanikwa. Watu wa Ndagoni walisema aliwajua pweza kwa majina yao na ya mama zao. Walisema pia pweza mmoja aliwahi kumvua kanga kichwani akakataa kuirudisha mpaka alipoombwa kwa adabu. Hayo tuwaachie wenyewe walioyaona. La hakika ni kwamba magoti yalimgomea, na huu ulikuwa mwaka wa pili hajaukanyaga mwamba. Mchokoo ulirithiwa na Mwamvita, mtoto wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama mchokoo wenyewe. Pamoja nao alirithi viatu vya plastiki vya Bibi, vya kutembelea mwambani, ambavyo cha kushoto kilikuwa kimeliwa kisigino chote na mawe.

Bibi alimfundisha kwa njia yake. Hakuwahi kuugusa mchokoo ukiwa mkononi mwa mjukuu. Alisimama nyuma, mikono ameifunga mgongoni, akawa anauliza tu. Unaona nini? Umejuaje? Na jiwe hilo, nani kaliweka? Siku moja kaa alimng'ata Mwamvita kidole, naye Bibi, badala ya kumtoa, akauliza huyo kaa alitokea upande gani. Mwamvita alilia kwa uchungu na kwa hasira, lakini tangu siku hiyo hakung'atwa tena.

Juu ya mafunzo yote kulikuwa na amri moja: shimo la pweza halionyeshwi. Shimo zuri ni kama shamba. Ukimtoa pweza mmoja, baada ya siku chache mwingine huhamia. Mama humwachia binti yake, na jirani hata akiwa rafiki wa kufa na kuzikana haambiwi. Mwamvita alikuwa na mashimo saba ya Bibi kichwani, na kubwa kuliko yote lilikuwa lile la jiwe jeusi.

Shuleni nako mwaka ule kulikuwa na jambo jipya. Mwalimu Swabaha alikuwa ametoka chuo kikuu, na huko, alivyowasimulia, kulikuwa na chumba cha uandishi ambamo wanafunzi waliwasaidia wanafunzi wenzao. Basi akaiomba stoo ya majembe, akaifagia, akaweka madawati manne na kuipa jina la Chumba cha Insha. Wasaidizi walikuwa watoto watano wa darasa la saba. Ukienda pale unamsomea msaidizi insha yako kwa sauti, naye anakuuliza maswali. Maswali hayo unayaandika mwenyewe katika daftari lako, unakwenda kuyajibu nyumbani, kisha unarudi. Mlangoni Mwalimu aliandika kwa chaki amri ya chumba: MSAIDIZI HASHIKI KALAMU.

Habari ilipokuja kwamba watu wa redio watafika Jumamosi ya wiki ya pili kurekodi insha moja tu ya shule ile, Mwamvita alihisi moyo wake unaruka kama samaki kwenye kikapu. Insha moja, isomwe na aliyeiandika, isikike kisiwa kizima. Akamwona Bibi barazani, na ile sabuni yenye antena sikioni, akisikia kazi yake ya miaka arobaini ikitajwa kwa jina lake. Hakumwambia mtu. Usiku ule ule aliandika kurasa mbili, na asubuhi akazipeleka Chumba cha Insha.

Msaidizi aliyepangiwa alikuwa Safia.

Hapo furaha ilipungua. Safia alikuwa mtoto wa dagoni, yaani kambi ya wavuvi wa kuja. Baba yake, Swalehe, alikuja na wavuvi wenzake kutoka Kilwa wakapiga kambi ufukweni kwa msimu, na watu wa dago, kwa midomo ya kisimani, hawakukosa lawama: mara nyavu zao ndogo, mara mwani wa fulani umekanyagwa. Safia mwenyewe alikuwa msichana mrefu, mtulivu, wa maneno machache. Alisikiliza insha yote akiwa amefunga mikono mgongoni. Kisha akauliza, na Mwamvita akaandika. Msomaji ambaye hajawahi kufika mwambani atajuaje kuwa lile ni shimo la pweza na si shimo tu? Mlangoni pake kuna nini? Bibi alikuwa anasema nini mlipokuwa pale?

Mwamvita alifunga daftari taratibu. Kwa nini msichana huyu anataka kujua mlangoni pa shimo kuna nini? Na kwa nini hashiki kalamu hata kidogo? Ilikuwa amri ya chumba, sawa, lakini mtu asiyeandika kitu haachi ushahidi.

Njiani kurudi nyumbani alimweleza Mize, binti wa mama yake mdogo. Mize alikuwa mtoto mwema, ila habari ikiingia sikio lake la kulia ilikuwa tayari mdomoni kabla haijafika la kushoto. Alisimama katikati ya njia, akashika kiuno.

"Baba yake mvuvi, mama yake mvuvi, naye anakuuliza habari za mashimo," alisema. "Wewe ulidhani anauliza habari za insha?"

Neno lile lilimwingia Mwamvita kama mwiba wa uchale wa baharini, ambao ukiushika kuuchomoa unakatikia ndani.

Akaamua kumzidi Safia ujanja. Aliiandika insha upya na safari hii akaijaza uongo, tena wa kifahari. Shimo la Bibi alilihamisha akalipeleka pwani ya Kirongwe, kaskazini kabisa. Akaandika kwamba pweza hujulikana kwa filimbi: mtu akitega sikio juu ya shimo humsikia akipiga mluzi mwembamba, na akiwa mkubwa hupiga miwili. Na mmoja, aliongeza, alitoka majini akaivuta pikipiki ya mgeni iliyoegeshwa ufukweni, na ikabidi watu sita waishike.

Safia aliisikiliza mpaka mwisho. Kitu fulani kilimtetemeka pembeni mwa mdomo, lakini mikono haikutoka mgongoni.

"Huyo wa filimbi," aliuliza, "ulimsikia mwenyewe?"

Mwamvita aliandika swali lile kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Alisema ndiyo. Safia akamwuliza tena: katika insha ya kwanza kulikuwa na bibi aliyesimama nyuma, amekwenda wapi? Mwamvita akasema amepumzika. Alipotoka alimwambia Mize kwamba sasa hana shaka, kwa sababu mwizi ndiye pekee anayejali kama dalili za shimo ni za kweli au za uongo.

Jumapili bamvua ilianza. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekwenda mbali, na mwamba umelala wazi na madimbwi yake. Mwamvita alivaa viatu vya Bibi, akachukua mchokoo na kwenda moja kwa moja kwenye jiwe jeusi. Moja kwa moja, lakini kwa tahadhari: kabla ya kulisogelea shimo alizunguka kwanza mara tatu, huku akitazama huku na huku, kama kuku anayetafuta pa kutagia, ili akiwapo mtu wa kumchungulia asijue hasa anaelekea wapi. Alipoona hakuna mtu, aliinama akauchomeka mchokoo.

Ulipiga jiwe. Akajaribu tena. Hakuna mkono ulioushika, hakuna kilichovuta. Katika miaka yote shimo la jiwe jeusi halikuwahi kukaa kimya namna ile. Akainua macho. Mchanga uliozunguka jiwe ulikuwa umejaa nyayo. Zilikwenda, zikarudi, zikazunguka. Hakuhitaji ushahidi mwingine.

Jumatatu, saa ya mapumziko, Chumba cha Insha kilikuwa kimejaa, watoto kama ishirini hivi. Safia alikuwa amekaa mahali pake, mikono mgongoni, akimsubiri. Mwamvita hakuketi. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia:

"Mwizi wa pweza hawezi kunifundisha mimi insha."

Kalamu zote zilisimama. Mtu mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Safia aliileta mikono yake mbele kwa mara ya kwanza, akachukua mkoba wake na kutoka. Kufikia kengele ya mwisho, kwa msaada wa Mize, habari ilikuwa imeshakua: Safia ameiba pweza kumi, baba yake ameiba mashua, na mama yake asiangaliwe machoni.

Mwalimu Swabaha alimwita Mwamvita ofisini. Hakufoka. Alimwuliza tu Safia amefanya nini, na Mwamvita akaeleza yote: kwamba kila mara Safia alimwuliza shimo la bibi yake liko wapi, na sasa shimo ni tupu na nyayo zimejaa.

"Maswali yake uliyaandika?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa mkono wako?"

"Msaidizi hashiki kalamu, Mwalimu."

"Vizuri. Nisomee."

Mwamvita alifungua daftari akaanza kusoma. Msomaji atajuaje kuwa lile ni shimo la pweza. Mlangoni pake kuna nini. Bibi alikuwa anasema nini. Ulimsikia mwenyewe. Bibi amekwenda wapi. Alifika mwisho, akarudi juu, akashuka tena kwa kidole mstari baada ya mstari. Swali la shimo liko wapi halikuwamo. Alikuwa na hakika alilisikia. Alikuwa amemweleza Mize mara nne kwamba alilisikia.

"Labda sikuliandika," alisema polepole.

"Labda," Mwalimu alisema. "Mimi nilipokuwa chuo nilipeleka kazi yangu kwa mwenzangu, akaniuliza maswali matatu, na kwa wiki nzima niliamini anataka kuniibia mawazo. Nilifunga daftari langu kwa kamba. Nilipata alama mbaya nisiyowahi kuipata, na mawazo yangu yakabaki salama kabisa, hakuna aliyeyataka." Akamrudishia daftari. "Insha zinafungwa Ijumaa. Ukitaka msaidizi mwingine nitakupa. Lakini Safia amekuja leo kuniambia hataki tena kusaidia mtu. Umempaka tope mbele ya watu ishirini, na kama ni mwizi kweli, nataka kujua. Na kama si mwizi, nataka kujua zaidi. Nenda nyumbani ukamwulize mwenye shimo."

Mwamvita alikwenda akiburuta miguu. Bibi alikuwa barazani na redio yake, anasikiliza hali ya hewa ya mikoa ambayo hajawahi kufika. Mwamvita alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasimulia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Alitarajia Bibi atake bakora yake na kuelekea dagoni kwa magoti yale yale. Bibi alipunguza sauti ya redio kidogo.

"Mlangoni pa shimo ulikuta maganda ya kaa?"

"Sikuangalia."

"Na mawe yake? Yamelala vipi?"

"Yapo tu, Bibi. Mchokoo ulipiga jiwe."

"Jiwe la nje au la ndani?"

"Sikuangalia."

"Ulikuwa unaangalia nini basi, mwanangu?"

"Nyayo."

"Za watu wangapi?"

Mwamvita alifumba macho ili azikumbuke vizuri, maana hapo angalau alikuwa na jibu. Akasema zilikuwa nyingi lakini za kiatu kimoja, kiatu cha plastiki. Na zilikuwa na alama rahisi kuikumbuka: cha kushoto hakikuwa na kisigino.

Bibi aliizima redio. Hakukuwa na adhana. Aliizima tu, na kimya kikatanda barazani mpaka kuku akashtuka. Kisha akageuza shingo taratibu kuelekea mlangoni, pale viatu vyake vya mwambani vilipokuwa vimeegeshwa kukauka, cha kulia kizima, cha kushoto kinakaa upande kwa kukosa kisigino.

Mwamvita naye akavitazama. Akakumbuka alivyozunguka mara tatu kama kuku.

"Kumbe mwizi tumemlea wenyewe," alisema Bibi. "Sasa niambie. Kabla yangu, nani alikuuliza mlangoni pa shimo kuna nini?"

"Safia."

"Na alisimama vipi akikuuliza?"

Mwamvita alimwona Safia kichwani mwake, mikono mgongoni. Kisha akamwona Bibi mwambani, mikono mgongoni, na kaa amening'inia kidoleni. Miaka yote alikuwa ameijua kazi ile ilivyo, na alipokutana nayo chumbani, mbali na maji ya chumvi, hakuitambua.

"Kesho ukitoka shule," alisema Bibi, "mchukue huyo mtoto wa watu umpeleke kwenye jiwe jeusi."

"Bibi, shimo halionyeshwi."

"Na jina la mtu halichafuliwi. Hilo nalo ni amri, tena ya kale kuliko mashimo yangu. Umemwita mwizi wa kitu ambacho hajakiona. Mpe basi akione. Na mkifika, angalia mlango. Nina shaka na huo ukimya."

Jumanne mchana Mwamvita alikwenda dagoni. Hakuwahi kwenda kule peke yake. Mama yake Safia alikuwa ameketi kando ya kibanda akipiga pweza kwa gongo ili alainike, na alipomwona aliyekuja alipokea shikamoo yake, kisha akazidisha nguvu. Pweza wengine walikuwa ndani ya beseni. Macho ya Mwamvita yaliteremka yenyewe yakaanza kuwahesabu, kisha akaona haya.

"Wanne," alisema Safia, akitokea nyuma ya kibanda na kuni kichwani. "Hesabu tena kama hukumaliza."

"Nimekuja kukuomba radhi, da Safia."

Hakuwahi kumwita dada. Safia alishusha kuni bila kumtazama, akauliza kama kuomba radhi huko ni kwa dagoni tu, mahali ambapo hakuna wa kusikia. Mwamvita akasema kesho atasema Chumba cha Insha, mbele ya wale wale, na Mize atakuwa mstari wa mbele. Akaeleza habari ya viatu. Alieleza yote, pamoja na kuku anayetafuta pa kutagia. Gongo la mama yake Safia likasimama hewani. Mama alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Safia hakucheka, lakini aliuliza anachotaka sasa ni nini.

"Nataka nikuonyeshe shimo."

"Ili likiwa tupu tena uwe na wa kumtaja?"

Mwamvita alivua viatu vya Bibi, akamwekea Safia miguuni, akasema atatembea bila viatu yeye, na nyayo zote zitakazoonekana zitajulikana ni za nani. Safia alikigeuza cha kushoto, akapapasa pale kisigino kilipoliwa. Kisha akavivaa.

Maji yalikuwa yameanza kurudi, lakini mwamba ulikuwa bado wazi. Walipofika kwenye jiwe jeusi, Safia alisimama nyuma. Mikono ikaenda mgongoni, labda bila yeye mwenyewe kujua.

"Haya," alisema. "Unaona nini?"

Mwamvita alipiga magoti na kwa mara ya kwanza siku zile akaangalia. Mlangoni hapakuwa na maganda mapya. Ya zamani yalikuwapo, yameota ukijani. Pweza wa shimo hili, basi, alikuwa hali chochote. Mawe hayakuwa yametawanyika kama pweza anapong'olewa kwa nguvu. Yalikuwa yamepangwa, moja juu ya jingine, yameubana mlango wote isipokuwa upenyo wa vidole viwili. Na yalikuwa yamevutwa kwa ndani.

"Nani kayaweka?" Safia aliuliza, karibu kwa kunong'ona.

Mwamvita aliweka shavu juu ya mwamba, akachungulia. Jua lilipenya kwenye upenyo. Ndani, darini mwa shimo, vilining'inia vishada vyeupe vingi sana, kama punje za mchele zilizotungwa kwenye uzi. Mbele yake kulikuwa na jicho. Lilimtazama bila kupepesa, na mkono mmoja ukatoka polepole ukalisogeza jiwe dogo, ukauziba upenyo.

"Ana mayai," alisema Mwamvita. "Amefunga mlango kwa sababu ana mayai. Nami nilikuwa namchoma na chuma."

Alimpisha Safia achungulie, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Safia akasema haidhuru, amewaona wa namna hiyo kwao Kilwa. Mama yake ana mashimo yake huko, aliyoachiwa na mama yake, naye Safia anayajua tangu hajang'oa meno ya utoto.

"Kwa hiyo ulijua kuwa pweza hapigi filimbi," alisema Mwamvita.

"Hata mtoto mchanga anajua pweza hapigi filimbi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ningekuwa nimeandika mimi." Hapo ndipo Safia alipocheka, kicheko kilichokuwa kimebanwa tangu wiki iliyopita. "Ila ile ya pikipiki ilinitesa. Nilijiuma ulimi."

Walirudi haraka, maji yakiwafuata visiginoni.

Jumatano, Mwamvita alisimama mlangoni pa Chumba cha Insha, pale pale alipokuwa amesimama Jumatatu, akasema alichotakiwa kusema. Alisema Safia hakuiba, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema uongo, na nyayo zilikuwa zake. Watoto walicheka sana habari ya nyayo, na aliwaacha wacheke. Mize aliombwa na Mwalimu aipeleke habari hii mpya kila mahali alikoipeleka ya kwanza, na kabla ya saa nane ilikuwa imeshafika kote. Safia alirudi mahali pake. Insha ilianza upya kutoka mstari wa kwanza, na katika jioni mbili zilizobaki Mwamvita alikuwa akijibu swali moja na kurudi na mengine mawili. Bibi alirudi ndani ya insha, amesimama nyuma. Pikipiki ilitoka. Kirongwe ilitoka. Mahali pa shimo hapakutajwa, na Safia hakuuliza.

Ijumaa insha zilifungwa, na yake ndiyo iliyochaguliwa. Watu wa redio walikuja na kipaza sauti chenye manyoya kama paka.

Siku ya kutangazwa, baraza la Bibi lilijaa. Mwalimu Swabaha alikuwapo, Mize alikuwapo, Safia na mama yake waliletewa mkeka. Antena ilishikwa na Mwamvita mwenyewe ili isikorome. Sauti yake ikatoka ndani ya ile sabuni, ikamtaja Bibi Bimkubwa wa Ndagoni kwa jina, na Bibi akaitikia kama aliyeitwa. Alisikiliza habari ya kaa na kidole, akaiambia redio kwamba hakuwa kaa mkubwa kiasi hicho. Aliposikia sauti yake imefananishwa na mbuzi ya kukunia nazi, aliwageukia watu kutafuta wa kumtetea, asimpate. Lakini ilipofika mahali pa mayai na mlango uliofungwa kwa mawe, alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi. Hapakuwa na moto popote.

Matangazo yalipokwisha, Mwamvita alimuuliza Mwalimu jambo lililokuwa likimsumbua: mtu atajuaje wa kumwamini, ikiwa mwizi naye anaweza kuuliza maswali? Kwa maana amri ya Bibi haikuwa ya bure. Wezi wa mashimo wapo.

"Wapo," alikubali Mwalimu. "Tahadhari si kosa. Kosa lako lilikuwa kuhukumu kabla ya kuangalia. Hukuangalia swali aliloliuliza Safia, ukaandika jingine kichwani mwako. Hukuangalia mlango wa shimo, wala miguu yako mwenyewe. Ukimshuku mtu, anza kwa kulichunguza jambo lenyewe, tena kwa uaminifu, kabla hujalitaja jina lake mbele za watu."

Bibi alikohoa, ishara kwamba naye ana la kuongeza.

"Anayekuuliza shimo liko wapi, huyo mwangalie mikono," alisema. "Lakini anayekuuliza umejuaje kuwa ni shimo, huyo anakufundisha. Mkaribishe chai."

Mwamvita alikwenda kuchota chai. Nyuma yake alimsikia Bibi akimwita Safia asogee karibu, na akimwuliza, kwa sauti ile ile ya mbuzi ya nazi, huko kwao Kilwa jiwe la mlangoni huvutwa na mkono wa ngapi, na amejuaje.